Jiwe la Kumi na Saba

Ninyi mnaopeleka ulezi mashineni na kurudi na unga kabla chai haijapoa, nisikilizeni kidogo. Sina ugomvi na mashine. Naipenda, na magoti yangu yanaipenda kuliko mimi mwenyewe. Lakini nikimsikia kijana akisema kwamba bibi zake walikuwa "wanaokota tu jiwe na kusagia," damu inanichemka. Kuokota! Haya, toka nje sasa hivi, okota jiwe lolote unaloliona njiani, lisagie mtama, halafu mpikie mumeo uji. Kesho uje unihesabie meno yaliyombakia.

Naitwa Kokushubila, na karibu wote mnaniita Ma Koku. Kazi yangu ilikuwa kuchonga mawe ya kusagia hapa Kishanda, nami niliianza enzi za Mwingereza, nikiwa msichana ambaye bado hajaposwa. Kusaga kunataka mawe mawili. La chini ni kubwa, linalala kwa mteremko mbele ya magoti ya mwanamke, na kwa Kihaya twaliita olubengo. La juu ni dogo, la kushika kwa mikono miwili. Hilo dogo hata mvivu anaweza kulichonga. La chini ndilo lililonipa sugu hizi mnazoziona.

Miamba yetu ni mchanga ulioshikana, na ubishi wote wa kazi upo hapo. Mchanga ulioshikana vizuri unakata nafaka. Ulioshikana vibaya unamwagika kwenye unga, na mwenye nyumba anausikia mdomoni. Kwa hiyo kabla hujatia nyundo, unalikagua jiwe. Unaligonga na kusikiliza: jiwe zima linalia kwa sauti kali, lenye ufa linajibu kwa sauti nzito, iliyochoka. Kisha unalimwagia maji. Yakinywewa upesi, ondoka, tafuta jingine. Yakikaa juu kidogo, yakafikiri, ndipo yakaingia, hilo ni lako.

Mimi jiwe langu la kwanza sikulimwagia maji, kwa sababu kisima kilikuwa mbali nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikampelekea mama yangu kwa mbwembwe zote. Jumapili tukapata mgeni, katekista wa parokia, mtu mnene mwenye heshima zake. Mama akasonga ugali wa ulezi uliosagwa kwenye jiwe langu. Katekista akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna mara moja, na nyumba nzima tukasikia. Hakutema. Alitazama juu, akafanya ishara ya msalaba, akameza. Baba alicheka mpaka akatoka nje, na kwa miezi kadhaa watu waliniuliza kama ninauza ulezi au kokoto. Tangu siku hiyo sijawahi kuona kisima kuwa mbali.

Aliyenifundisha ni tatenkazi, yaani dada wa baba yangu, Ma Nyakato. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye migomba michache isiyotosha hata kumlisha yeye mwenyewe, na jiwe ndilo lililomlisha. Hakuwa mtu wa maneno. Siku zote alikuwa na buni shavuni, zile tunazochemsha na kukausha za kutafuna, na akikasirika aliihamisha kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Nilijifunza kulisoma shavu lake kabla sijajua kusoma herufi yoyote. Buni ikiwa kulia, endelea na kazi. Ikihamia kushoto, weka nyundo chini na ufikirie umefanya nini.

Yeye alikata mwamba kama bibi yake alivyokata. Aliwasha moto wa kuni juu ya mstari aliouchagua, akauacha uwake mpaka mwamba unapauka, kisha akamwaga maji ya baridi kwa mkupuo mmoja. Mwamba ulipasuka kwa kishindo, naye akamalizia kwa kabari za mti. Uso wa jiwe aliuparaza kwa jiwe jingine jeusi, gumu, la mviringo, akigonga tu-tu-tu siku nzima. Katika shimo la zamani, lile lililo juu ya machimbo yetu, tuliokota mengi ya mviringo kama hilo lake. Yalikuwa yamechakaa upande mmoja na yanakaa vizuri kiganjani. Hakuna aliyejua yaliachwa na nani. Watu wetu walisema ni ya Wachwezi, wale wafalme wa kale wa hadithi, kama wanavyosema juu ya kila kitu ambacho mwenyewe hajulikani.

Mimi nilikuwa mtu wa mambo mapya. Mhunzi mmoja wa Muleba alinitengenezea tindo kutoka kwenye spring ya lori lililokufa, na kwa tindo ile nilimaliza kwa siku moja uso ambao Ma Nyakato aliutumikia siku nne. Alikuja akatazama mistari ya tindo yangu, yote imelala kushoto kwa sababu natumia mkono wa kushoto, akasema, "Mwendo unao, mwanangu. Sasa tafuta na akili." Nilikasirika wiki nzima.

Lakini tindo au moto, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aikiuke. Jiwe likishapata umbo, haliendi kwa mtu mpaka limekula mvua mbili, mvua ya masika na mvua ya senene, ile ya mwisho wa mwaka. Na halilazwi chini. Unachimba kishimo nje, kwenye nyasi za rweya, yaani malisho ya wazi ya kijiji, unalisimamisha, theluthi yake ikiwa ardhini, na uso wake unaelekezwa ziwani, kwa sababu mvua yetu kubwa inatoka ziwani. Jiwe lililolala linaweka maji mgongoni na kukuficha ugonjwa wake. Jiwe lililosimama, maji yanaupata ufa na kuufungua. Baada ya mvua mbili, lenye kasoro limekwisha kupasuka lenyewe, na lile zima unalitoa, unalipa uso wa mwisho, unamkabidhi mwenyewe bila wasiwasi. Kwa hiyo kando ya machimbo yetu kila mwaka palikuwa na safu ya mawe yaliyosimama, kumi hivi au kumi na mawili, yanangoja.

Mnashangaa kwa nini nawaeleza habari ya kusimamisha mawe. Tulieni, nafika.

Juu zaidi, kupita shimo lile la zamani, palikuwa na safu nyingine. Hiyo haikuwa yetu. Mawe thelathini na moja yaliyosimama kwa mstari ulionyooka, meusi kwa uzee, yameota madoa ya kijivu na ya manjano, mengine yameinama kidogo. Ng'ombe walijikuna hapo. Ma Nyakato alikuwa akipita pembeni yake na kusema neno moja tu: "Yana wenyewe."

Basi akaja Mzungu mmoja na hema lake. Jina lake la kikwao lilitushinda, tukamwita Bwana Tepu, kwa sababu utepe wake wa kupimia haukumtoka mkononi hata akinywa chai. Kiswahili alikijua, ila kilikuwa cha kuamrisha wapagazi: leta, weka, haraka, upesi. Akitaka kuuliza jambo lenye maana ilibidi amwite Karani wake, kijana wa misheni mwenye miwani, Mhaya mwenzetu kutoka Bukoba, aliyebeba mashine ya kupiga chapa kama mama abebavyo mtoto mchanga. Bwana Tepu aliipenda ile safu ya juu kupita kiasi. Aliyapa mawe namba, la kwanza hadi la thelathini na moja, akayachora moja moja. Alimwambia Karani kwamba yote yanatazama jua linapochomoza, na kwamba bila shaka watu wa kale walikuja hapo kuliabudu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Serikali ilikuwa imemtaka aseme mambo mawili: kama mawe yale yana thamani, na kama machimbo yetu yanayahatarisha. Akiandika kwamba tunayahatarisha, kilima kitafungwa na sisi tutaondoka. Alimwita Ma Nyakato, akamkalisha mbele ya hema, akamuuliza waziwazi kupitia Karani. Shangazi akasimama.

"Mwambie Bwana," alisema, "bibi yangu hakuyagusa. Mimi sikuyagusa. Na katika nyumba yangu hakuna mkono utakaoyagusa."

Bwana Tepu alilipokea neno lile vizuri, akamwambia Karani alipige chapa. "Nakuamini, Mama," akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, na safari hii hakikuwa cha kuamrisha. Akaenda Bukoba kwa siku chache kuleta vyakula na karatasi. Ma Nyakato naye akaitwa msibani ng'ambo ya bonde. Kilima kikabaki na mimi.

Siku hiyohiyo lori la kukusanya kahawa likamshusha mama mmoja wa Ijuganyondo, Ma Paskazia, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha parokia nzima. Binti yake Adelina alikuwa anaolewa Buhembe Jumamosi.

"Nimewaambia wakwe zangu mwanangu haji mikono mitupu," akasema. "Anakwenda na jiwe la Kishanda. Na nataka lililokula mvua mbili, msinipe kitoto. Lori linarudi kesho mchana."

Jibu la kweli lilikuwa fupi: Ma Paskazia, waitu, tusamehe, yaliyokwisha kula mvua mbili yameshachukuliwa, haya yamekula moja, urudi baada ya senene. Hata tatenkazi angempa jibu hilo. Lakini mimi nilikuwa nimebaki peke yangu na kilima kwa mara ya kwanza, na nilitaka akirudi akute nimeuza jiwe kubwa kwa mtu mkubwa. Nikasema, "Kesho mchana utakuwa nalo, Mae."

Nilipanda juu na mtaimbo. Nilijiambia kwamba mawe thelathini na moja ni mengi, na kwamba ng'ombe hawatahesabu. Nikachagua moja la katikati, pana, lisiloinama. Nilipoling'oa na kulilaza nikapigwa na butwaa. Lilikuwa na urefu wa mawe yetu na upana wa mawe yetu. Upande mmoja, ule unaowekwa karibu na magoti, ulikuwa mnene zaidi kama tunavyofanya sisi, na theluthi yake ilikuwa imezikwa. Kwenye sehemu iliyokuwa ardhini, ambako mvua haikuila, nikaona vidoti vya kugongwa kwa jiwe la mviringo, tu-tu-tu, kama kazi ya shangazi. Nikaligonga. Lililia kwa sauti kali na nzuri kuliko jiwe lolote nililowahi kuligonga maishani.

Mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mimi nilifurahi kwamba kazi imenipungukia. Nikalishusha, nikalipa uso mpya kwa tindo, na kesho yake Ma Paskazia akaondoka nalo kwenye lori akiniombea baraka. Kwenye tundu lililobaki nikasimamisha jiwe letu moja lililokula mvua moja tu, nililolichonga kwa tindo. Kwa kuwa lilikuwa jeupe mno kati ya wazee wale, nililipaka matope yaliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Nikasimama mbali nikalitazama, na wallahi nilijiona fundi.

Siku mbili baadaye ikanyesha, samadi yote ikaenda bondeni.

Bwana Tepu aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mawe yake, akafika kwenye namba kumi na saba, akapiga kelele. Nilijua nimekwisha. Nikapanda, nikamkuta amepiga magoti, anapapasa mistari ya tindo yangu kwa vidole, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

"Chuma!" alikuwa akimwambia Karani. "Chuma! Chuma!"

Furaha ilikuwa imemziba macho. Aliamini kwamba mvua imeyaosha matope ya miaka na kufunua alama ambazo yeye mwenyewe hakuziona mara ya kwanza, na kwamba watu wale wa kale walichonga kwa vyuma kabla ya wakati ambao mtu yeyote alidhani. Karani aliinama, akanusa, akanitazama juu ya miwani yake. Kisha akarudi hemani kuandika alichoambiwa. Alasiri ile mashine yake ilipiga chapa bila kupumzika.

Ma Nyakato alirudi siku iliyofuata. Bwana Tepu alimkimbilia, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye jiwe. "Mama, tazama! Watu wako walikuwa na chuma!" Shangazi aliinama. Akaitazama mistari ile iliyolala kushoto, yote, bila haraka. Buni ikahama shavu.

Akamuaga Bwana kwa adabu. Tuliposhuka nyumbani akakaa kwenye kigoda na kuvua ngata kichwani.

"Mkono wako umefika mbali, Koku," akasema. "Umefika mpaka kwa Wachwezi."

Nikaanza kulia, nikamweleza yote, lori, Ma Paskazia, samadi. Nilitegemea anipige. Angenipiga ningepata nafuu.

"Asubuhi utamwambia," akasema.

"Tatenkazi, watafunga kilima."

"Wafunge."

"Utakula nini?"

"Sijui. Lakini mtu yule anaandika uongo wako, na chini yake ameandika neno langu. Karatasi ile ikienda Dar es Salaam, yote mawili yatakwenda pamoja."

Wanangu, nimewahi kuangukiwa na mwamba mguuni, nimewahi kuzaa mapacha, lakini safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea ni ile ya kutoka nyumbani kwa shangazi mpaka kwenye hema asubuhi ile. Hata kilima chenyewe si kirefu.

Nilizungumza Kihaya na Karani akatafsiri, na nilipofika kwenye samadi alisita akaniuliza polepole kama kweli nataka aitafsiri hiyo. Nikasema aitafsiri. Bwana Tepu akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akazichukua karatasi zake zilizopigwa chapa, akazitazama, akazirudisha mezani. Kisha akamgeukia Ma Nyakato.

"Ulinipa neno lako, Mama."

"Nilikupa," akasema shangazi, "na limevunjikia nyumbani kwangu. Huyu ni mkono wangu. Andika unavyoona." Alisimama wima kabisa, lakini vidole vyake vilikuwa vinaikunjakunja kanga.

Bwana Tepu akanirudia mimi. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa pia na kitu kilichomkera akilini, na nilikiona kikimshinda. "Mawe yako mwenyewe yalikuwapo," akasema. "Kwa nini ulichukua la kale?"

"Kwa sababu lilikuwa tayari, Bwana."

"Tayari kwa nini?"

"Kwa kusagia."

Karani alitafsiri, kisha wote wawili wakatazamana. Nikaona hawakuelewa, na woga ulikuwa umenitoka maana sikuwa na cha kupoteza tena. Nikamwambia aje anifuate. Nikamwonyesha kwanza safu yetu ya chini: mawe yamesimama, theluthi ardhini, uso ziwani. Kisha tukapanda kwenye safu yake. Nikafukua mguu wa jiwe la kumi na sita, nikamwekea mkono wake kwenye vidoti vya kugongwa. Nikamletea jiwe la mviringo kutoka kwenye shimo la zamani, nikaligongesha mbele yake juu ya mwamba, na vidoti vikatoka vilevile.

"Na jua?" aliuliza. "Yote yanatazama jua."

"Yanatazama ziwa, Bwana. Mvua inatoka ziwani."

Sijawahi kumwona mtu aliyesoma akikaa chini ghafla namna ile, juu ya nyasi zenye umande na suruali yake safi.

Wakati huo Ma Nyakato alikuwa amesogea kwenye jiwe la kwanza. Kwa maisha yake yote alikuwa amepita pembeni ya safu ile bila kuigusa. Sasa akamtazama Bwana Tepu, kama anayeomba ruhusa, na Bwana akatikisa kichwa kukubali. Shangazi akagonga. "Zima," akasema. Akaenda la pili. "Zima." La tatu, "Zima." La nne lilijibu kwa sauti nzito. "Hili lina ufa." Alikwenda hivyo mpaka mwisho, na Karani akiandika kwa kalamu, hana habari na mashine. Mawe matatu yalikuwa na ufa. Mengine yote, ukiondoa lile la uongo la kwangu, yalikuwa mazima, yamemaliza mvua zake zamani sana, yalikuwa tayari kwa mtu kuyachukua.

"Kwa nini basi hawakuyachukua?" Bwana Tepu aliuliza.

Ma Nyakato alisimama kwenye jiwe la mwisho, mkono wake juu yake. 

"Mchonga mawe haachi kazi ya mwaka mzima kwa uvivu," akasema. "Hawa walikuwa na watu waliowaahidi. Kuna jambo liliwapata."

Jambo gani, mpaka leo hakuna ajuaye. Nilihuzunika pale, wanangu, nawaambia kweli. Nilikuwa nimewadhania kuwa ni Wachwezi, ni miujiza, ni hadithi za kutishia watoto. Kumbe walikuwa watu wa kazi yetu, wenye sugu kama zetu na wateja wenye kelele.

Lakini Bwana Tepu bado alikuwa na safu yenye pengo. Alisema jiwe la kumi na saba lazima lirudi mahali pake, na likirudi ndipo ataandika habari ya kilima. Tukaingia kwenye gari lake wote wanne kwenda Buhembe. Njia ile si ya leo mnayoijua. Karani alitapika mara mbili, na Ma Nyakato, ambaye hakuwahi kupanda gari, aliishikilia kofia ya Bwana Tepu akidhani ni sehemu ya gari.

Tulimkuta Adelina nyuma ya nyumba yake mpya, mbele ya magoti yake lipo jiwe letu, anasaga mtama wa kutia kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mume wake na kaka zake walikuwa wamekwisha kukamua ndizi, maji yenyewe yako kwenye mtumbwi wa kukamulia yanangoja mtama, na mnajua maji ya ndizi hayangoji sana. Alituona, akatusalimia kwa adabu zote, na hakuacha kusaga.

"Waitu mnisamehe," akasema. "Nikisimama, pombe ya watu inaharibika."

Kwa hiyo Bwana Tepu akachuchumaa, akatoa utepe, akapima urefu jiwe la mkono likiwa juu, akapima upana jiwe la mkono likiwa chini, akifuata mwendo wake. Unga ulimjaa kwenye mikono ya shati. Akamwambia Karani aulize kama jiwe ni zuri.

"Mwambie sijaona zuri kama hili," Adelina akasema. "Mama mkwe wangu anakuja kulisagia kila asubuhi. Anasingizia kwamba anakuja kunisalimia."

Bwana Tepu alicheka. Kisha akakumbuka kilichomleta, uso ukabadilika. Akamwambia Karani amweleze msichana kwamba jiwe lazima lirudi Kishanda. Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akavua tena. "Bwana," akasema, "hilo sitaliweza." Ikabidi niliseme mimi, maana kosa lilikuwa langu. Nikamwambia Adelina kwamba lile jiwe nililiiba, kwamba ni la watu wa kale, na kwamba Bwana amekuja kulichukua. Nikamwahidi kumchongea jingine kwa mikono yangu na kulileta hata kwa kulibeba kichwani.

Hapo akaacha kusaga. Alikuwa bibi harusi wa wiki moja, mbele ya Mzungu, na lubisi lake linangoja. Akapangusa unga juu ya jiwe kwa kiganja, taratibu, mpaka uso ukabaki mtupu, akainuka kando.

"Kama lina mwenyewe, lichukueni," akasema. "Ila mwenyewe ni nani, nimwombe radhi?"

Karani alitafsiri. Bwana Tepu akamtazama Ma Nyakato. Shangazi alipiga magoti mahali alipokuwa Adelina, akalishika jiwe la mkono, akalisukuma mara moja na kulirudisha juu ya uso ule mtupu, akisikiliza.

"Mwenyewe alilichonga lisage," akasema. "Tumwombe radhi kwa kuliondoa tena?"

Bwana Tepu alikunja utepe wake, akautia mfukoni, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya mchana. Kisha akamwambia Adelina kwa Kiswahili chake kibovu, "Saga, Mama. Haraka. Ndizi."

Lile jiwe langu la uongo tuliling'oa kesho yake. Kilima hakikufungwa. Bwana Tepu aliandika kwamba wachonga mawe wa Kishanda wabaki, kwa sababu bila wao asingejua anatazama nini, na kwamba safu ya juu isiguswe tena na yeyote. Haikuguswa, hata na mimi. Ninyi vijana mkipanda kule mtaona pengo mahali pa kumi na saba, na sasa mnajua ni kazi ya nani, kwa hiyo msiwasingizie ng'ombe.

Siku aliyofunga hema, Karani alitusomea karatasi mpya kwa Kihaya, jiwe baada ya jiwe. La kwanza, lipo, zima. La pili, lipo, zima. La nne, lipo, lina ufa. Akafika la kumi na saba: "Limechukuliwa. Linasaga Buhembe." Ma Nyakato akamwomba aurudie mstari huo. Akaurudia. Akamwomba tena, na mara ya tatu shangazi yangu, ambaye sikuwahi kuliona chozi lake hata siku tuliyomzika mumewe, alijifunika uso kwa kanga akalia mbele yetu sote.